Tunasikika mpaka wapi?

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Mwanza katika maadhimisho ya Siku ya Redio Duniani, mbele ya waandishi wa habari, wanafunzi na wasikilizaji. Wengi mliokosa kufika mmeomba muyapate yote. Nimeyaweka yalivyotoka, ila picha zilizokuwa zikioneshwa ukutani nimeziacha.

Mwangaluka, wazee wangu. Mwangaluka, mama zangu wa Kirumba na Igombe. Vijana wa Malimbe, hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Haya, sasa mnasikika.

Ndugu zetu mliotoka Bukoba, Musoma, Geita na Simiyu, karibuni. Na nyinyi mliovuka kutoka visiwani, poleni na maji. Upepo wa alfajiri ya leo tumeusikia hata sisi tuliolala ndani.

Nimeombwa nieleze historia ya utangazaji wa Kanda ya Ziwa, redio na televisheni. Watangazaji wake mnawajua, wengine mnawapenda kuliko wajomba zenu, na baadhi wamo humu ndani wamekaa mbele. Mimi sikuwa mtangazaji. Nilikuwa fundi mitambo, fundi wa kuitwa, leo kituo hiki kesho kile, na maisha yangu yote ya kazi sijasoma habari hata moja hewani. Kwa hiyo mtanivumilia. Historia hii nitaisimulia kwa kupitia mlango wa nyuma, ule wa kuelekea kwenye jenereta.

Fundi mitambo ana swali lake moja. Mtangazaji anauliza, "Nimesikika vizuri?" Mwenye kituo anauliza, "Tangazo la mteja limekwenda?" Fundi anauliza, tunasikika mpaka wapi? Magu wanatupata? Ukara wanatupata? Kule Muleba, nyuma ya kile kilima, wanatupata? Nilidhani ni swali la nyaya na minara. Kadiri miaka ilivyokwenda nikaona ndiyo historia yenyewe ya utangazaji huku kwetu. Nani alifikiwa, nani hakufikiwa, na nani aliamua.

Tuanze na zamani kidogo. Redio ilianza kutangaza kutoka Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua moja kwa moja, ndipo tukapata Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD iliyotulea. Hayo yamo vitabuni, mtayasoma. Mimi nataka kuwaambia ilikuwaje kuipokea RTD ukiwa Ukerewe, kwetu nilikozaliwa.

Kwanza betri. Nani hapa amewahi kuanika betri? Nyosheni mikono. Naona mikono ya wenye mvi tu. Wanangu, betri zikichoka hazikutupwa. Ziliwekwa juu ya bati, na asiye na bati aliziweka juu ya jiwe, maana kwetu mawe hayajawahi kuadimika. Zinapigwa jua kutwa nzima. Jioni ukizirudisha redioni unapata dakika chache, na baba alijua dakika hizo ni za nini. Ni za taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi. Mtoto akikutwa amefungulia muziki mchana wakati betri zimeanikwa juzi, kesi hiyo ilifika mpaka kwa babu.

Na tuliisikiliza kwelikweli. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio. Kipindi kinasikilizwa, mmoja anasoma kijitabu, wote wanajadili, halafu wanainuka kwenda kuchimba choo. Fikirini hilo. Watu wazima wanashika jembe na sururu kwa sababu redio imesema! Siku hizi redio ikisema, watu wanabadilisha stesheni. Mimi nilikuwa mtoto, na kilichonishangaza hakikuwa choo. Nilishangaa yule mtu wa redioni amejuaje kwamba kijijini kwetu hakuna.

Kumbe hakujua. Na hapo ndipo penye neno. Redio ilitufikia. Sisi je, tuliifikia?

Shangazi yangu alifariki Nansio. Wazee wakaandika tangazo, likapanda meli kuja Mwanza, likaanza safari ya Dar es Salaam. Mnalijua lile tangazo lilivyokuwa: fulani wa kijiji fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, na habari ziwafikie fulani wa Shinyanga, na fulani wa Tabora, na ndugu na jamaa popote walipo. Linasomwa taratibu, kwa heshima, na nchi nzima imenyamaza. Kaka yetu wa Shinyanga akasikia jina lake. Akaomba ruhusa kazini, akapanda gari, akapanda meli, akafika. Shangazi tulikuwa tumemzika zamani na tanga limeshaanuliwa. Tangazo lilikuwa limetoka kisiwani, limekwenda hadi Bahari ya Hindi, likarudi kutuambia kilichotokea nyumba ya pili.

Siilaumu RTD. Ilituunganisha, ikatufundisha Kiswahili kimoja kutoka Kagera hadi Mtwara, na mafundi wake ndio walionifundisha kushika koleo. Nasema tu kwamba njia ilikuwa ya upande mmoja.

Twende miaka ya tisini. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Mwaka 1993 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji, mtu binafsi akaruhusiwa kuwa na kituo. Mwaka 1994 Dar es Salaam ikapata Radio One, ikapata ITV na DTV. Televisheni! Bara hatukuwa nayo hata moja, wakati Zanzibar walikuwa wakitazama picha za rangi tangu miaka ya sabini. Dar ikachangamka. Sisi huku tukawa tunahadithiwa. Na niseme la pembeni: mpaka leo kuna redio inanieleza foleni ya Ubungo nikiwa nimekaa Sengerema. Inanisaidia nini?

Lakini mwaka 1994 huohuo, sisi watu wa Ziwa tulifundishwa redio ni kitu gani, na somo hilo halikutoka Dar es Salaam.

Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, kulikuwa na redio iliyoitwa RTLM. Watangazaji wachangamfu, muziki wa kuvutia, utani mwingi. Na katikati ya muziki na utani, majina ya watu na mahali walipojificha, ili wafuatwe wauawe. Miili ikaletwa na mto Kagera mpaka ziwani. Wazee mliokuwa mwaloni miaka ile mnakumbuka, watu waliacha kununua samaki. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa takribani saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka pale Rusumo kuingia Ngara. Robo milioni, wengi wao kwa miguu, wamebeba mikeka na masufuria.

Mwaka 1995, hukohuko Ngara, Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera, kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji waliowapokea. Vijana wa uandishi, lifikirieni hili kwa makini. Mtambo wa redio iliyotaja watu ili wafe, na mtambo wa redio iliyokuja kuwahudumia waliobaki, ukiifungua yote miwili kwa bisibisi, ndani utakuta vitu vilevile. Kuna oskileta, kuna amplifaya, kuna waya unaopanda kwenye mnara. Mimi fundi siwezi kukuonesha sehemu yenye sumu, kwa sababu haimo mle. Imo kwa anayekaa mbele ya maikrofoni, na imo kwa anayemlipa mshahara.

Sasa tufike nyumbani.

Katika miaka hiyohiyo ya tisini Mwanza ikapata Radio Free Africa, RFA, chini ya kampuni ya Sahara ya Anthony Diallo. Baadaye ikafuata Star TV, na Kiss FM. Mnaijua hadithi hiyo, wengine mmekulia ndani yake. Ninachotaka muone ni uamuzi mmoja wa kimitambo ambao watu hawausimulii. RFA haikuishia kwenye FM. Ilipanda pia masafa ya kati, yale ya AM, kilohezi 1377.

Kwa nini nalisema hili kwa furaha? Kwa sababu FM ni kama tochi: kilima kikikaa mbele, nyuma yake ni giza. Na Mwanza hii, mji wa mawe, Bugando kilima, Isamilo kilima, Capri Point kilima, ukishuka tu upande wa pili umeipoteza stesheni. Masafa ya kati yana tabia nyingine. Wimbi la kilohezi 1377 lina urefu wa mita 218 hivi. Wimbi la urefu huo linatambaa ardhini, kilima halikioni kuwa kitu. Halafu jua likizama, ile tabaka ya chini ya anga inayolimeza mchana inatoweka, wimbi linapanda juu, linagonga tabaka la juu zaidi na kurudi chini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Kuna watu Ulaya kaskazini ambao burudani yao ni kusaka stesheni za mbali usiku, na wameinasa sauti ya Mwanza, kwenye theluji huko, wanaandika kwenye madaftari yao.

Lakini mawimbi hayo yanakula. Chukueni mtambo wa kilowati 50, ambao kwa masafa ya kati si mkubwa wa kutisha. Ukiwa hewani unahitaji zaidi ya uniti 50 za umeme kwa saa moja. Nyinyi wenye LUKU, uniti 50 kwenu zinakaa siku ngapi? Mtambo unazimaliza kabla chai haijapoa. Saa 24 ni zaidi ya uniti 1,200. Umeme ukikatika, jenereta inaanza kunywa dizeli, na mhasibu anaanza kunywa dawa za kichwa. Kwa hiyo mwenye kituo anayepanda masafa ya kati ameamua jambo. Ameamua kumlipia gharama mtu wa mbali, mtu ambaye hatamletea tangazo la biashara hata siku moja.

Huyo mtu wa mbali ni nani? Tena huyu nilionana naye.

Kituo kimoja kilinituma visiwani na kifaa cha kupima nguvu ya mawimbi. Nikafika Ukara. Ilikuwa wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wamepumzika, karabai zimepangwa mstari kwenye kivuli, dagaa wa mwisho wanakauka kwenye nyavu. Nimesimika antena yangu, mzee mmoja akanijia. Akaniuliza, "Fundi, hiyo mashine inasemaje?" Nikamwambia inasema mawimbi yanafika kwa nguvu. Akacheka. "Hilo si ningekwambia mimi? Redio ninayo mtumbwini usiku kucha. Sasa mwambie bosi wako hivi: bei ya dagaa ya soko la Kirumba mnaisoma saa nne asubuhi. Saa nne sisi tumeshauza, na aliyetununulia ndiye pekee aliyekuwa akiijua bei."

Ndugu zangu, mashine yangu ile ilikuwa ya bei kubwa, na haikuwa na mahali pa kuandika maneno ya yule mzee. Niliyapeleka kwa mdomo. Kipindi kikahamishiwa alfajiri. Msimu uliofuata nilisikia madalali wawili wanalalamika, nikajua tumefika.

Mnaona tofauti? Kusikika Ukara ni kazi ya mnara. Kumsikia mtu wa Ukara ni kazi nyingine kabisa, na hakuna mnara unaoifanya.

Vituo vya kanda vilijifunza kazi hiyo kidogo kidogo, na mwalimu wao mmoja, msinicheke, alikuwa mtuma salamu. Mnawakumbuka watuma salamu? Wapo humu? Naona mnanyanyuana mikono. Mtu ananunua kadi, anaandika salamu zake kwa watu kumi, anajipa jina la kujikweza lenye urefu wa treni, anaipeleka kituoni au anaipa kondakta wa basi. Wasomi waliwadharau. Mimi nilikuwa nikiona magunia ya kadi yakiingia mlangoni, na nawaambia mishahara ya baadhi ya mabingwa wa siasa mnaowaheshimu hewani ilitoka kwenye kadi zile. Zaidi ya hela, kadi zilikuwa ramani. Kadi imetoka Nyakaliro, kumbe tunasikika Nyakaliro. Kadi imetoka Bariadi ndani ndani, kumbe na huko. Mtu ambaye jina lake lilikuwa likisomwa redioni siku ya kifo tu, sasa linasomwa yu hai, anapika ugali, anapiga kelele, "Ni mimi! Nyamazeni, ni mimi!"

Sasa naomba tulieni kidogo. Nataka kusema juu ya meli mbili.

Tarehe 21 Mei 1996, alfajiri, MV Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, upande wa Bwiru. Ilikuwa imetoka Bukoba, ikapitia Kemondo. Mamia ya watu walikufa. Walipotoboa tumbo la meli kutafuta walio hai, hewa ikatoka, ikazama. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Kaeni na neno hilo: hawakuwa na orodha. Nani yumo na nani hayumo, hakuna aliyekuwa na karatasi. Ukiwa Muleba na mwanao alikuambia anakwenda Mwanza wiki hiyo, ungejuaje kama alipanda hiyo au alichelewa? Simu ya mkononi hakuna. Kulikuwa na redio. Watu walikaa kwenye redio usiku na mchana, nyumba yenye betri mpya ikawa ya kijiji kizima, na kila sauti ya mtangazaji ikibadilika kidogo watu wanashika vifua. Wengi walioopolewa wamelala Igoma, na baadhi ya ndugu zao hawakuwahi kupata jibu.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi mchana, MV Nyerere ilipinduka ikitokea Bugolora, ikiwa imebakiza mwendo mfupi sana kufika gati ya Bwisya, Ukara. Kivuko cha watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Safari hii simu zilikuwepo, na kabla mwandishi hajafunga kamba za viatu picha zilikuwa zimeshazunguka. Za kweli, za uongo, za ajali ya nchi nyingine kabisa. Idadi zikapanda na kushuka. Kwetu Nansio mtu mmoja alililiwa kwenye simu, watu wanatuma pole, naye amekaa hapo anakunywa uji. Siku ya pili baada ya ajali zikaja habari kwamba fundi wa kivuko ameopolewa akiwa hai, amekaa ndani ya chumba kilichokuwa na hewa. Nani angeliamini hilo? Watu wakafungulia redio. Na safari hii ilikuwa kweli.

Mwaka 1996 tulikaa kwenye redio tusubiri kuambiwa. Mwaka 2018 tulifungulia redio tuulize kama tulichokwisha kuambiwa ni kweli. Kwa miaka 22 kazi imegeuka hivyo. Wenye vituo, mmegeuka nayo? Au bado mnashindana na simu kukimbia, mbio ambazo mtashindwa kila siku?

Na kuna la kuniuma. Aliyekuwa na uwezo wa kusema kweli ya Ukara ni mwandishi anayekaa Ukerewe. Namjua kijana aliyekuwa mwakilishi wa kituo kimoja visiwani, kituo sitakitaja. Alikuwa analipwa kwa habari, habari ikitoka analipwa, isipotoka halipwi, na nauli ya mtumbwi juu yake. Aliacha. Sasa anauza vocha. Kituo kile bado kinajiita cha kanda.

Televisheni nitaipitia haraka, kwa sababu mnaikumbuka wenyewe. Mnakumbuka antena juu ya mti wa mkaratusi, mtoto yuko juu anazungusha, baba yuko mlangoni anapaza sauti: "Zungusha! Bado chenga! Hapo, hapo, usiguse!" Akiachia mkono tu, chenga zinarudi. Mnakumbuka vibanda umiza, benchi moja watu kumi na mbili, jenereta inanguruma nje. Star TV ilipoingia, kwa mara ya kwanza mtu wa Bara aliyekaa Dar es Salaam alitazama kituo kinachotoka Mwanza. Hebu lipeni hilo uzito wake. Miaka yote mkondo ulikuwa unatoka pwani kuja bara, sasa ukageuka. Tuongee Asubuhi, Medani za Siasa, watu wa Kariakoo walitazama Mwanza. Na Agosti 2012, BBC ilipoanzisha Dira ya Dunia ya televisheni, ilionekana nchini kupitia kituo hichohicho cha hapa.

Miezi michache baadaye, mwishoni mwa Februari 2013, mitambo ya analojia ilizimwa Mwanza. Dar es Salaam ilikuwa imetangulia kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012. Kulikuwa na makubaliano ya kimataifa yenye ukomo wa Juni 2015, na Tanzania iliamua kuwahi. Picha ikawa safi, chenga zikaisha, mtoto akashuka kwenye mti. Ila asiye na king'amuzi alilala na televisheni, akaamka na kabati la kioo. Nilipita vijiji kadhaa mwezi ule, nikakuta televisheni zimefunikwa vitambaa vya kudarizi. Kwenye mkutano mmoja niliuliza swali langu, tunasikika mpaka wapi sasa? Nikajibiwa kwa asilimia. Asilimia haijawahi kuniambia kama watu wa kisiwa cha Maisome wamo.

Kuna wanaoniambia, mzee, tatizo la vituo vya kanda ni siasa. Wenye vituo ni wanasiasa, watasema nini? Sitalikwepa. Ni kweli mwanzilishi wa RFA na Star TV alikuwa mbunge na akawa waziri, akiwa na kituo mkononi. Mwandishi anayefanya kazi mahali kama hapo ana kamba shingoni, hata kama haivutwi. Lakini na hili nalo ni kweli: mwaka 2010 aligombea Ilemela, mlangoni pa kituo chake mwenyewe, na akashindwa. Ilemela na Nyamagana zote mbili zikaenda upinzani mwaka ule. Redio kubwa kuliko zote za Ziwa haikumpigia kura. Mimi nililichukua kuwa ushahidi kwamba msikilizaji wetu si mjinga. Anakusikiliza, anacheka na wewe, anakutumia salamu, halafu anaamua lake.

Na lugha. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu wanatangaza kwa Kijaluo, Uganda kila upande una redio ya lugha yake. Huku kwetu kanuni zinataka Kiswahili au Kiingereza. Wengine wanaona ni hasara, na bibi yangu asiyejua Kiswahili angekuwa hai angekubaliana nao. Hata hivyo ilizaa kitu ambacho hakikupangwa: Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma, Kihaya, Kijita na Kikerewe kikaingia hewani, kikasikika nchi nzima, na hakikuomba radhi. Zamani kijana wa huku akitaka utangazaji alijifunza kwanza kusema kama mtu wa Ilala. Sasa hapana.

Nimalizie na leo. Wataalamu wanatuambia masafa ya kati yamepitwa, na dunia inazima. Redio za umma za Ujerumani zilimaliza kuzima ya kwao mwaka 2015. Kila mtu ana simu, wanasema, redio iko kwenye bando. Nami nauliza, bando linafika wapi? Mvuvi aliye katikati ya ziwa saa tisa usiku analo? Tukumbuke jinsi ziwa hili linavyoua. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu pande zote kwenda ziwani, unakutana katikati, hewa inapanda, dhoruba inazaliwa, na inapiga usiku wa manane na alfajiri, saa zilezile za karabai. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 3,000 mpaka 5,000 kwa mwaka katika nchi zote tatu. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa. Upo, umeandikwa vizuri. Wenye vituo, mnausoma saa ngapi? Baada ya michezo? Saa mbili usiku mvuvi ameshaingia majini. Usomeni saa kumi jioni, anapojaza mafuta ya karabai. Usomeni tena saa kumi na moja, anaposukuma mtumbwi. Hilo halihitaji mnara mpya, linahitaji mtu mmoja abadilishe ratiba, na mtu huyo yuko humu ukumbini, namwona.

Ombi langu la mwisho ni la kaseti. Vituo vyetu vingi havikutunza sauti. Utepe ulikuwa ghali, kipindi cha leo kilirekodiwa juu ya cha jana, na stoo nilizoziona mimi zilikuwa na panya wengi kuliko kanda. Lakini nyinyi wasikilizaji mlirekodi. Mlirekodi salamu zilizotaja majina yenu, mpira uliotangazwa Kirumba, taarifa za siku za MV Bukoba. Najua ziko, chini ya vitanda, ndani ya mabegi ya chuma. Wanafunzi wa Malimbe wamekubali kuziingiza kwenye kompyuta na kuwarudishia zenu. Leteni zilivyo, hata kama utepe umekatika au umejikunja. Nitaunga. Mkasi ninao, gundi ya utepe ninayo, na nimestaafu.

Ahsanteni sana.